Ngazi Sitini na Nne

Skrini hii niliinunua Kiboriloni, juu ya turubai,
kati ya pasi za mkaa na viatu visivyo na wenzake.
Muuzaji aliipangusa kwa kiwiko, akaapa:
rangi milioni kumi na sita, dada, hesabu mwenyewe.
Sikuhesabu. Nilikuwa na oda ya harusi.

Nilikuja kujua usiku, mtaa umelala,
nilipofungua picha ya alfajiri juu ya Kibo.
Pale weusi ulipopaswa kuyeyuka kuwa samawati
kama maziwa yanavyoingia kwenye chai, bila hodi,
palikuwa na mistari.
Anga limelimwa matuta.

Ombeni fundi aliigonga mgongoni kama ng'ombe wa mnada.
Biti sita, akasema. Nyekundu ina ngazi sitini na nne,
kijani vivyo hivyo, na buluu. Basi.
Zilizobaki inaigiza:
ikiagizwa rangi isiyo nayo, kitone kinayumba
kati ya hii na ile, hii na ile, upesi mno,
na jicho, maskini, linaona utulivu.

Nilicheka. Mwaka mzima, kwenye simu,
mama akiuliza kama ndoa yangu ni nzuri,
nami niliyumba hivyo hivyo, upesi mno.

Jumanne wakaja watoto wa Bibi Ndeanasia.
Maziko Alhamisi, Kibosho. Programu mia mbili,
na picha moja kubwa ya kutangulia jeneza.
Walikuwa na hii tu, ya simu, siku ya kipaimara cha mjukuu:
amesimama mlangoni mwa jiko,
shavu moja juani, moja kwenye moshi.

Eliapenda, aliyesimama nyuma yangu:
Mbona mmempausha? Mama hakuwa na maradhi ya ngozi.
Aikaruwa, kwenye kigoda, chini:
Amepauka wapi? Mmempaka masizi.
Ndelilio, ameegemea mlango, hajavua kofia:
Mimi namwona manjano.

Mama mmoja, kioo kimoja cha bei ya chee
kinachobadili maneno kulingana na ulipoketi.
Sikuwahi kuwaeleza. Ugomvi ulishahama rangi.
Wewe ulimwona lini? Kwa video?
Na nani alimwogesha miezi saba?
Na ile ng'ombe?

Nikainuka. Nikasema, kaeni kwenye kiti changu,
mmoja mmoja, macho yalingane na katikati ya kioo.
Hapo ndipo inapoongopa kidogo.
Eliapenda akakaa. Kimya.
Ndelilio akakaa, akavua kofia.

Aikaruwa alipokaa hakutazama kioo.
Alikunja mkono wa sweta hadi kiwikoni,
akaulaza mkono wake kando ya lile shavu.
Tulichangia ngozi, akasema. Pimia hapa.

Nikapima. Nyekundu nikaishusha, kijani nikakibembeleza,
buluu nikaiacha, nikairudia, nikaiacha,
mpaka mkono na shavu vikanyamaza pamoja.
Kivuli cha chini ya taya kilikataa. Kilikatika vipande
kama njia ya shambani inavyokatwa na mvua.
Nikakinyunyizia chembechembe, kidogo,
kama unga juu ya kinu, ili jicho lisijikwae.

Karatasi ilitoka ya moto kwenye printa.
Waliishika watatu, kila mmoja pembe yake,
mmoja juu, mmoja chini, mmoja pembeni,
na haikubadilika.

Ijumaa Aikaruwa alirudi na elfu ishirini iliyobaki.
Akaniambia watu walisogea karibu, waligusa,
mpaka mchungaji akauliza ni kamera gani.
Nikampa risiti. Nikasema asante.

Nakala yake ipo bado humu, sijaifuta.
Wengine hawazioni. Mimi ninaziona:
chini ya taya, upande wa moshi,
ngazi tatu, zinashuka.